Uyoga Si Muhogo

Mvua za kwanza zikishanyesha swali huanza kuja, na huja kwa sura moja: "Daktari, uyoga wa porini niuchemshe na nini ili sumu itoke?" Mmoja ametajiwa kitunguu saumu, mwingine ndimu, mwingine magadi, mwingine sarafu ya fedha ndani ya sufuria. Wote wameshakubali kwamba sumu hutoka, na wanachotaka kwangu ni jina la kiungo. Sina kiungo cha kuwapa, kwa sababu sumu inayoua haitoki.

Najua wazo hili limetoka wapi, na huko lilikotoka ni kwenye maarifa ya kweli. Mihogo michungu ina linamarini. Ukiuloweka muhogo au ukauponda, kimeng'enya kilichomo ndani yake huivunja linamarini na kutoa saianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu za sentigredi. Basi huondoka na maji, hewa na mvuke. Watu wakikosa nafasi ya kuuandaa sawasawa, madhara huonekana: mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa maradhi ya konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Kwa hiyo bibi aliyesema "loweka kwanza" alisema kweli, lakini alikuwa anazungumzia muhogo.

Sumu ya uyoga ninayoiogopa mimi ni amatoksini, iliyomo katika baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita. Imejengwa kwa asidi amino nane zilizofungwa kuwa duara, na ndani ya duara hilo kuna kiungo kingine kinacholikaza umbo lake. Protini za kawaida, kama za yai, hulegea zikipata moto. Hii hailegei. Haiharibiwi na maji yanayochemka, kukaangwa, kukaushwa juani, jokofu, wala asidi ya tumbo. Ukimwaga maji ya kwanza utamwaga kiasi fulani na kubaki na nyingine ndani ya nyama ya uyoga, na uyoga mmoja uliokomaa unaweza kutosha kumuua mtu mzima. Mwaka 2023, kule Leongatha nchini Australia, watu wanne walikula chakula cha mchana cha nyama na uyoga wa Amanita phalloides uliopita kwenye oveni. Watatu wakafa.

Sasa vipimo vya jikoni. Fedha hugeuka nyeusi inapokutana na salfa, basi. Kitunguu saumu chenyewe kina salfa, hivyo sarafu inaweza kuwa nyeusi juu ya uyoga mzuri kabisa na ikabaki inang'aa juu ya uyoga wa kuua. Kitunguu au mchele kubadilika rangi ni mambo ya kitunguu na mchele. Kuna pia wanaosema konokono na wadudu wakiula, nasi tuule. Wapo nzi wadogo ambao mabuu wao hukulia ndani ya uyoga wenye amatoksini bila kudhurika. Miili yao inaihimili, yetu haiihimili. Wengine wamesikia kwamba Wafini huchemsha uyoga wenye sumu na kuula. Ni kweli, huchemsha Gyromitra, tena mara mbili na kumwaga maji yote, kwa kuwa sumu ya uyoga huo huyeyuka majini na kuruka na mvuke. Ni sumu nyingine kabisa. Kuuchukua utaratibu wa uyoga mmoja na kuupeleka kwa mwingine ndiko hasa ninakokukataza.

Kinachonikera zaidi katika vipimo hivi ni kwamba huonekana kufaulu. Mtu anakula jioni, analala salama, anasema kitunguu kimefanya kazi. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 12, pengine hata siku nzima, ndipo kutapika na kuhara huanza kwa nguvu. Halafu tumbo linatulia. Mgonjwa anapata nafuu, anakaa, anaomba uji, na nyumbani watu wanashukuru kwamba maziwa aliyonyweshwa yamekata sumu. Maziwa hayajakata chochote. Wakati huo ini linakufa, kwa sababu sumu imezuia chembe zake kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano.

Hakuna pia alama moja ya kukuokoa. Watu huambiwa wakwepe uyoga wenye kifuko kwenye kitako cha shina. Ushauri si mbaya, ila Amanita zambiana inayoliwa katika miombo nayo ina kifuko, na ukikata shina juu ya udongo hicho kifuko hukioni. Anayejua uyoga anaujua aina kwa aina, alioonyeshwa na mtu wa eneo lile lile. Uyoga wa kichuguu, kwa mfano, chimba usiukate: una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makazi ya mchwa. Ule mweupe mkubwa wa kwenye nyasi za bustani, Chlorophyllum molybdites, hauna mzizi huo. Kofia yake ukiilaza usiku juu ya karatasi nyeupe huacha vumbi la kijani, na ukiula utatapika ndani ya saa chache.

Kama shida yako ni tumbo tu, na uyoga ni mamama au mwingine uliolimwa, mambo ni mepesi. Usiule mbichi, kuta zake zina kitini, ambayo tumbo letu huisaga kwa shida. Upike mpaka uive kabisa, ule kidogo mara ya kwanza, uuhifadhi kwenye karatasi au kikapu badala ya mfuko wa plastiki, na ukinuka au ukiteleza utupe. Usichanganye uyoga wa porini na pombe. Mtoto mdogo asipewe wa porini.

Na ukishakula ukaanza kutapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hasa kama zimepita saa 6 tangu mlo. Kutapika mapema nako hakukuhakikishii usalama, maana sufuria moja huweza kuwa na aina mbili. Mkaa wa jikoni si mkaa wa dawa, usiutafune. Beba mabaki ya uyoga kwenye karatasi, mbichi na uliopikwa, na kama hakuna mabaki, beba maganda. Mwambie daktari saa mliyokula. Usirudi nyumbani kwa sababu tumbo limetulia. Omba ini lipimwe, na lipimwe tena kesho yake. Waende wote waliokula, hata ambaye haumwi.