Utangulizi: Inveta Isiyo na Mzigo

Ubavuni mwa inveta nyingi utakuta imeandikwa ufanisi wa asilimia 90 au zaidi. Namba hiyo itilie shaka tangu leo.

Inveta hupokea mkondo mnyoofu wa betri, volti 12 au 24, na kutoa mkondo geu wa volti 240 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, kama ule wa gridi ya Uganda. Zinazofanya kazi hiyo ni transista. Inapopitisha umeme kikamilifu, au kuuzuia kabisa, transista haili kitu cha kutaja. Hasara iko katikati, inapogeuka: kwa kitambo hicho volti na mkondo hukutana, na zao lake ni joto. Ukiongeza kasi ya kugeuka, transfoma na chujio hupungua ukubwa na bei, ila joto nalo huongezeka. Sehemu kubwa ya usanifu ni kuvutana na jambo hilo.

Nyaya nazo zina hasara yake. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Penye ukinzani wa omu 0.01 tu, wati 25 huishia kwenye joto. Tumia volti 24, hasara inashuka hadi robo, maana hufuata mraba wa mkondo.

Sasa twende kambini Nakivale, wilayani Isingiro, au senta ya Bwizibwera kwenye barabara ya Mbarara kwenda Ibanda, tumwazie kinyozi mwenye sola. Mashine ya kunyolea na chaja za simu havifiki wati 30, lakini ameuziwa inveta ya wati 1,000. Ikiwa yenyewe hula wati 10 bila mzigo, na haizimwi usiku wala mchana, kwa siku imekula wati-saa 240. Betri yake ya risasi, volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200, na akitaka idumu asiguse zaidi ya nusu. Asilimia 40 ya nusu hiyo imekwenda kabla hajanyolewa mtu. Ile namba ya ubavuni ilipimwa kwenye mzigo ambao kinyozi huyu hataufikia maishani.

Ndiyo maana tunaanza na mzigo mdogo, ingawa vitabu vingi huuweka mwishoni. Umbo la wimbi, linalofanya mota za friji zingurume na kupata moto, litafuata. Kwa leo tafuta ammita, iunge kati ya betri na inveta, chomoa kila kitu, kisha usome.