Je, Wajua? Bakuli la Mti Mbichi Hukerezwa Mara Mbili

Je, wajua kwamba bakuli zuri la mti mbichi hukerezwa mara mbili? Mti mbichi hukerezeka kwa urahisi, lakini ukikauka husinyaa, na kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa takriban mara mbili ya kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana hupinda na kupasuka.

Kwanza fundi hukereza bakuli nene: lenye kipenyo cha sentimita 30 huachiwa ukuta wa sentimita 3 hivi. Hulipaka nta kwenye ncha za nyuzi, maana hapo ndipo maji hutoka upesi, kisha huliweka kivulini kwa miezi kadhaa akilipima kwa mizani. Uzito usipopungua tena, hulikereza upya.

Usianike bakuli bichi juani: litapasuka.