Kivu ya Kusini: Maua ya manjano ya kando ya barabara ni mbolea, lakini yanadai jasho

Katika teritware za Kabare na Walungu, hakuna anayeuliza bei ya titonia. Inasimama kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, inapita urefu wa mtu, na wakati wa kuchanua inafunika vilima kwa rangi ya manjano. Ni ya ukoo mmoja na alizeti, na asili yake ni Mexiko na Amerika ya Kati. Aina nyingine ya titonia ina maua ya rangi ya machungwa, lakini iliyoenea Kivu ni hii ya manjano.

Kwa wakaaji wengi ni ukuta wa shamba, kisha kuni. Lakini majani yake ni mbolea. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya yalionyesha kwamba kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3,5 za azoti na kilo 4 za potasi. Hiyo ni habari kubwa kwa mulimaji ambaye ngombe wake waliibwa wakati wa vita na ambaye hawezi kununua mbolea ya dukani.

Kazi yenyewe haina siri: kukata matawi laini mbele ya maua kutoka, kuyakatakata na kuyafukia siku chache mbele ya kupanda. Yanaoza haraka.

Shida iko kwenye mgongo. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Tani 5 za majani makavu kwa hektari, kipimo cha majaribio hayo, zinadai karibu tani 25 za majani mabichi. Nani atazibeba kwenye mteremko? Mara nyingi ni mama, ambaye tayari anabeba maji, kuni na mtoto. Kwa hiyo mbolea hii inafaa zaidi bustani ya lengalenga, kabichi ao nyanya karibu na nyumba kuliko shamba la mbali.

Tena, titonia haichukui azoti hewani kama maharagi; inaikusanya udongoni pale ilipoota. Anayekata ukingo uleule kila msimu bila kurudisha kitu anahamisha tu rutuba. Fosfori nayo ni haba ndani ya majani, na udongo mwingi wa Walungu tayari unaikosa, kwa hiyo samadi kidogo inahitajika bado.

Kuipanda hakudai mbegu. Kipande cha shina kikichomekwa udongoni wakati wa mvua kinaota, hata pale kisipotakiwa, na kisipokatwa kinaingia shambani.