Leseni ya Programu ya Usanifu Inapokataliwa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Vijana wengi wanaojipatia riziki kwa kuchora nembo, kutengeneza kadi za harusi na kusanifu mabango hutegemea programu chache tu: Photoshop, Illustrator na InDesign za kampuni ya Adobe, pamoja na CorelDRAW. Siku programu hiyo inapokataa kufunguka kwa kudai kwamba leseni haipo, imekwisha au haiwezi kuthibitishwa, kazi yote dukani husimama. Familia iliyoagiza vijitabu vya mazishi ya Jumamosi haiwezi kuambiwa irudi Jumatatu.

Mara nyingi hatua inayofuata ni kumwita fundi, na fundi mwenye haraka hufika na flashi diski yenye toleo la magendo, yaani programu iliyovunjwa kufuli. Programu hufunguka, fundi hulipwa na kwenda zake. Hasara huanzia hapo. Hitilafu nyingi za leseni hurekebishwa bila kununua chochote kipya, na dawa hiyo ya flashi yenyewe ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya hitilafu hizo.

Programu ya kukodi si sawa na ya kununua

Zamani mtu alinunua sanduku lenye diski na namba ya siri, akaweka programu kwenye kompyuta yake, ikabaki kuwa yake. Kwa upande wa Adobe, mtindo huo ulifika mwisho na toleo la CS6 la mwaka 2012. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza kuwa matoleo mapya yatapatikana kwa usajili wa kulipia tu. Tangu hapo, anayetumia Photoshop mpya ni kama mpangaji: kodi ikilipwa mlango unafunguka, isipolipwa unafungwa.

Ili kujua kama kodi imelipwa, programu huwasiliana na seva za kampuni kupitia intaneti. Hujaribu kufanya hivyo kila baada ya siku 30. Mwenye usajili wa mwaka anaweza kufanya kazi bila intaneti kwa hadi siku 99, na mwenye usajili wa mwezi kwa mwezi hadi siku 30. Mkazi wa eneo lenye mtandao hafifu anaweza kukaa miezi mitatu bila tatizo lolote, kisha asubuhi moja akakuta amefungiwa nje ingawa malipo yake yako sawa. Huyo hana haja ya fundi. Aunganishe kompyuta na simu yenye data, aingie upya katika akaunti yake, na programu itafunguka.

Mazungumzo hayo kati ya kompyuta na seva hutegemea mambo matatu: ni akaunti ya nani, leo ni tarehe gani, na je, njia ya kufika kwenye seva iko wazi? Takriban kila ujumbe wa hitilafu ya leseni, hata ukiwa na namba za kutisha, unatokana na moja ya hayo.

Saa ya kompyuta

Jambo la kwanza la kutazama ni pembe ya chini ya skrini, penye saa na tarehe. Linaonekana dogo, ndiyo maana wengi hulipita.

Kompyuta za mezani zinazotumika katika maduka mengi ni za mitumba kutoka ng'ambo. Ndani yake, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa ya duara inayofanana na sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo huisha. Tangu siku hiyo, kila stima inapokatika saa husahau kila kitu, na kompyuta ikiwashwa hurudi nyuma hadi tarehe fulani ya miaka mingi iliyopita.

Kwa programu ya usanifu, kompyuta inayosema leo ni Januari ya mwaka 2012 inaleta mashaka ya namna mbili. Kwanza, leseni ya mwaka huu inaonekana kama haijaanza, na programu inaweza kudhani kuwa mtu amerudisha saa nyuma makusudi ili kurefusha muda wa majaribio. Pili, vyeti vya usalama ambavyo tovuti hutumia kujitambulisha vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ikiwa na makosa, kompyuta huvikataa, na mawasiliano na seva hayafanyiki kabisa. Dalili ya hali hii ni rahisi kuitambua: hata kivinjari cha intaneti huanza kulalamika kuwa tovuti za kawaida si salama.

Tiba ni kufungua mipangilio ya saa na tarehe, kuchagua saa za Nairobi, ambazo ziko mbele kwa saa tatu kuliko saa za kimataifa, na kuwasha chaguo la kupata saa kutoka kwenye intaneti. Kisha kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila stima inapopotea, betri ibadilishwe. Ni betri ya bei ndogo ambayo hata mafundi wa saa za mkononi huiuza, na kuibadilisha huchukua dakika chache, mradi kompyuta iwe imechomolewa kwenye umeme kwanza.

Akaunti isiyo yake

Hitilafu nyingine hutokana na mtu kuingia kwa barua pepe tofauti na ile iliyolipiwa. Hili huwapata sana wale wenye anwani mbili, moja ya kibinafsi na moja ya kazi au chuo. Programu humwambia hana leseni, na kweli anwani ile haina. Mwanafunzi aliyekuwa akitumia leseni ya chuo hukutana na tatizo hilo hilo baada ya kuhitimu, kwa kuwa leseni ni ya chuo na chuo kinaweza kuiondoa kwenye akaunti yake. Ni busara kuhamisha kazi zilizohifadhiwa katika akaunti hiyo kabla ya siku ya mwisho.

Usajili wa kawaida wa mtu mmoja huruhusu akaunti kuwashwa kwenye kompyuta mbili. Akijaribu ya tatu, ataambiwa aondoke kwenye moja. Anayefanya kazi katika saiba mbalimbali hufika kikomo hicho upesi, na jambo baya zaidi ni kuiacha akaunti yake wazi kwenye mashine ya watu. Anaweza kuingia katika akaunti yake kupitia kivinjari, hata kwenye simu, na kuziondoa kompyuta asizozitumia.

Malipo nayo yatazamwe. Kadi ya benki iliyoisha muda, au isiyo na salio siku ya makato, husimamisha usajili, na taarifa yake hutumwa kwa barua pepe ambayo wengi hawaisomi. Hapa pana jambo la kuangaliwa kabla ya kujisajili: mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi hufanana na wa mwezi kwa mwezi, na bei yake ni nafuu, lakini ni mkataba wa mwaka mzima. Anayeuvunja baada ya siku 14 za kwanza hutozwa nusu ya malipo yaliyobaki. Mnamo Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kuwa tozo hiyo haikuelezwa wazi kwa wateja. Mwenye kazi za msimu, kama za mabango ya uchaguzi au kadi za Desemba, apige hesabu kwanza.

Njia iliyozibwa

Kisa kinachoshangaza wengi ni cha mtu aliyeamua kuacha programu za magendo. Analipia usajili halali, anaweka programu halali, na bado kompyuta inamwambia leseni yake haiwezi kuthibitishwa. Hukasirika akadhani ametapeliwa, kumbe tatizo ni mabaki ya ile flashi ya fundi.

Ndani ya kila kompyuta yenye Windows kuna faili ndogo ya maandishi iitwayo hosts, iliyo katika folda C:\Windows\System32\drivers\etc. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango anayeulizwa njia: kompyuta ikitaka kwenda kwenye tovuti fulani, huiangalia faili hiyo kabla ya kuuliza kwingine. Wanaovunja programu huandika humo majina ya seva za Adobe na kuyaelekeza kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya kompyuta hiyo hiyo, au 0.0.0.0, ambayo haiendi popote. Programu inapouliza njia ya kwenda kwa mwenye nyumba, inaelekezwa irudi ilikotoka. Kwa aliyeiba programu, hiyo ndiyo nia. Kwa aliyelipa, ni kufungiwa nje ya nyumba aliyoilipia kodi, na kuondoa programu ya zamani hakuyafuti maandishi hayo.

Kuna kipimo cha haraka. Fungua kivinjari, jaribu tovuti ya Adobe, kisha tovuti nyingine yoyote. Kama nyingine zinafunguka na ya Adobe haifunguki, njia imezibwa. Ikifunguka, faili bado ifae kutazamwa, kwa sababu huenda zimezibwa seva za leseni peke yake. Ifunguliwe kwa Notepad iliyowashwa kwa mamlaka ya msimamizi, na nakala yake ihifadhiwe pembeni kwanza. Mistari inayoanza kwa alama ya # ni maelezo tu na haina madhara. Mistari isiyo na alama hiyo na yenye neno adobe ndiyo ya kufutwa. Faili ihifadhiwe kwa jina lake lile lile, bila kuongezewa .txt mwishoni, kisha kompyuta iwashwe upya. Katika ofisi au chuo, mistari mingine inaweza kuwa imewekwa na msimamizi wa mtandao kwa sababu zake, hivyo aulizwe kabla ya kugusa chochote.

Asiyetaka kuhariri faili kwa mkono anaweza kupakua chombo cha bure cha Adobe kiitwacho Limited Access Repair Tool, ambacho huondoa vizuizi hivyo. Kingine ni Creative Cloud Cleaner Tool, kinachofagia mabaki ya usakinishaji ulioharibika. Hicho kiachwe hadi mengine yote yashindikane, maana baada yake programu huwekwa upya, na hilo hula data nyingi. Vyombo hivyo vichukuliwe katika tovuti ya kampuni yenyewe. Kinga ya virusi pia huweza kuizuia programu isiende mtandaoni. Katika mipangilio yake programu iruhusiwe, lakini kinga isizimwe moja kwa moja.

Gharama ya kraki

Kwa sheria ya Kenya, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na anayeinakili bila idhini anavunja haki ya mwenyewe kama anayerudufisha vitabu. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo yenye jukumu hilo. Hata hivyo, kwa mwenye duka hatari iliyo karibu zaidi si kesi.

Kompyuta ile ile inayochapisha mabango ndiyo ambayo wakazi hutumia kuingia eCitizen, kujaza ritani za KRA na kuskani vitambulisho. Anayeweka kraki huombwa kuzima kinga ya virusi kwanza, na hapo mlango uko wazi kwa chochote kilichofichwa ndani yake. Virusi vya STOP, vinavyojulikana pia kama Djvu, vilisambaa duniani kwa kupachikwa katika kraki za namna hiyo. Hufunga picha na nyaraka zote kwenye mashine, kisha hudai dola 980, au 490 kwa anayelipa ndani ya saa 72. Vingine havijionyeshi, hukusanya nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kwa wezi. Anayepoteza hapo si mwenye duka peke yake. Ni mama aliyekuja kuchapisha cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Wenye matoleo ya zamani, na wasioweza kulipa

Kuna maduka yenye diski halali za CS2 au CS3 ambazo zilinunuliwa kwa pesa nyingi. Kompyuta ikiharibika na programu ikahitaji kuwekwa upya, haitakubali, kwa kuwa seva zilizokuwa zikiyaidhinisha matoleo hayo zilizimwa. Hakuna marekebisho ya hilo upande wa mtumiaji. Ikiwa bado inafanya kazi kwenye mashine ya zamani, mashine hiyo itunzwe na isifutwe ovyo.

Kwa ambaye usajili haulipiki, zipo programu za bure zilizo halali. GIMP hufanya kazi za picha na hufungua faili za Photoshop, ingawa si kila tabaka hutokea kama lilivyokuwa. Inkscape hufaa kwa nembo, na hufungua faili za Illustrator zilizohifadhiwa kwa namna inayokubaliana na PDF. Scribus hupanga kurasa za vijitabu na kutoa PDF yenye rangi nne za mashine ya uchapishaji. Mazoea ya mkono hubadilika, na wiki za kwanza ni za kuudhi. Anayetaka kuhama aanze na kazi ndogo isiyo na haraka, kama kadi ya biashara, na kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa ageuze maandishi yote kuwa michoro ili herufi zisibadilike njiani.