Kisima Kipya cha Elwak

Elwak, mji wa kaunti ya Mandera ulio mpakani na Somalia, umepewa jina la visima vyake. "El" kwa Kisomali ni kisima, na "Waaq" ndilo jina ambalo Wasomali wa kale na Waborana walimwitia Mola. Katika ada ya wafugaji wa nchi ile, kisima kina wenyewe waliokichimba, kina zamu ya kunywesha, na kina mzee wa kusema ni ngamia wa nani watangulie. Bila ya mpango huo mnyonge angelikufa kwa kiu kando ya maji.

Tumevikumbuka visima hivyo kwa sababu ya kitu kingine kilichopangiwa kufukiwa ardhini hadi huko. Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, masafa ya kilomita zipatazo 740. Ndani ya mradi huo mna mkongo wa mawasiliano, yaani faiba, utakaoandamana na barabara kupitia Wajir na Elwak. Sisi wa pwani tuliipata neema hii mapema: mkongo wa TEAMS uliwasili Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009. Jirani zetu wa kaskazini walibakia na minara ya simu, nayo ni michache, na mara ngapi tumesikia imelipuliwa na Al-Shabaab! Mnara ukianguka, fedha alizotumiwa mama na mwanawe aliye Nairobi hazitoleki, na muuguzi aliye na mzazi mahututi hana wa kumpigia.

Lakini mkongo kupita mbele ya mji si mji kuunganishwa. Hata huku kwetu iko mitaa ambayo faiba inapita barabarani, na ndani ya nyumba watoto wanachangishana shilingi wanunue bando.

Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ili watu wa mahali wamiliki mtandao wao mdogo. Huko Kibera, TunapandaNET wameunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya mapaa. Elwak nayo yaweza: kutoka pale mkongo unapotolewa tawi, antena zipeleke mawasiliano hospitalini, shuleni na madrasa, wakazi wachange kidogo kila mwezi, na vijana wa mji wafunzwe kuvitengeneza vyombo. Sayyidna Uthman bin Affan, Mola amridhie, alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, maji yaliyokuwa yakiuzwa yakawa ya wote. Hatuoni kwa nini msikiti wenye paa imara na umeme wa jua usitoe mahali pa antena.

Wako wazee wanaohofia uchafu utakaoingia na intaneti. Hofu hiyo hatuidharau. Ila uchafu huo umo tayari katika simu ya kila kijana mwenye bando, wala hakuna anayeuchuja; mtandao wa jamii waweza kuwekewa vichujio na masharti na wenye mji wenyewe.

La kutushughulisha zaidi ni akina mama. Serikali imeahidi vituo 25,000 vya intaneti ya bure nchini, na mara nyingi vituo vya namna hii huwekwa sokoni, penye mabaraza ya wanaume. Mama muuza maziwa ya ngamia hataketi hapo kumwandikia mteja wake, wala binti wa kidato cha nne hatafanyia hapo masomo yake. Kituo kiwe pia kliniki ya wajawazito, shule ya wasichana na madrasa ya akina mama, na katika kamati wawemo wanawake wanaosema, si wa kupika chai ya mkutano. Haya yaamuliwe kabla mtaro haujafukiwa, kwa kuwa kuufukua upya ili kutoa tawi lililosahauliwa ni gharama ambayo mji mdogo hauiwezi.