Plagi Nayo Husomwa

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mzee mmoja alikuja darasani kwetu Lisekese akisukuma baiskeli. Juu ya keria alikuwa amefunga bloa, ile mashine ya mgongoni ya kupulizia mikorosho dawa. Hakufungua daftari.

"Mwalimu, leo sina akili ya kusoma," alisema. "Mashine imekufa, na maua yanaungua."

Nikamwuliza, "Mzee, imekufa au imezima?"

Alisema mtu mmoja kijijini amekwisha kuitazama. Mtu huyo amesema injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Mzee alikuwa amekwisha kumtafutia mbuzi wake mnunuzi. Basi siku ile hatukufanya somo la imla. Tuliiweka bloa juu ya meza, tukaifungua plagi.

Kwa nini mzee alikuwa na haraka?

Wakulima wa Masasi na Newala wanajua. Mkorosho hutoa maua wakati wa baridi. Wakati huo huo hushuka ugonjwa wa ubwiri unga. Huu ni ukungu mweupe unaochukuliwa na upepo. Hushika maua machanga na majani machanga, maua yakanyauka na kuanguka. Ua lililoanguka halina korosho.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walikuwa wamehamia katika vijiji vipya, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa ndogo. Na ubwiri unga ulikuwa umeingia. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliijaribu salfa ya unga wakaona inazuia ugonjwa huo. Tangu hapo wakulima wengi hupuliza salfa, karibu robo kilo kwa mkorosho mmoja, na kurudia kila baada ya wiki mbili. Mwenye mikorosho 40 anahitaji kilo 10 kwa mzunguko mmoja. Kazi hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani. Bloa ikizima kwa wiki moja katika siku hizo, ukungu haukungojei.

Plagi ni nini?

Plagi ni kifaa kidogo kinachotoa cheche ndani ya injini ya petroli. Imeskrubiwa juu ya silinda. Ukiitazama utaona kaure nyeupe, mwili wa chuma wenye nyuzi za skrubu, na chini yake ncha ya katikati. Juu ya ncha hiyo umepinda ulimi mdogo wa chuma. Kati ya ncha na ulimi pana nafasi. Cheche huruka katika nafasi hiyo, nayo huwasha petroli iliyochanganyika na hewa. Moto huo ndio unaosukuma pistoni.

Bloa haina betri. Umeme wake hutoka kwenye sumaku iliyomo katika gurudumu la injini. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme huzaliwa, tena wenye nguvu ya zaidi ya volti 10,000. Njia hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1902 na Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch. Injini ya bloa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, plagi hutoa cheche 6,000. Gawanya kwa 60. Utapata cheche 100 kila sekunde! Ndiyo maana kifaa hiki huchoka.

Kijana mmoja darasani aliuliza kuhusu pikapu zinazobeba magunia ya korosho. Pikapu ya petroli ina plagi, mara nyingi moja kwa kila silinda. Pikapu ya dizeli haina plagi za namna hii. Injini yake huibana hewa mpaka ikapata moto mkali wa kuwasha dizeli yenyewe.

Namna ya kuitoa

Zima mashine, uiache ipoe. Bomba la moshi huunguza vibaya. Ondoka karibu na magunia ya salfa na dumu la petroli, kwani salfa huwaka moto, na vumbi lake likiwa hewani linaweza kulipuka. Wala asiwepo mvuta sigara.

Futa vumbi lote kuzunguka plagi kabla ya kuilegeza. Watu wengi husahau jambo hili. Chembe ya mchanga ikiangukia ndani ya silinda itaikwaruza. Kisha vuta kofia ya mpira kwa kushika kofia yenyewe, usivute waya. Tumia spana ya plagi. Koleo huvunja kaure.

Sasa isome

Tulipoitoa plagi ya mzee, niliipitisha mkono kwa mkono. Kila mmoja aliitazama, hata bibi mmoja ambaye alikuwa amesema mashine ni mambo ya wanaume.

Plagi ya injini yenye afya ni kavu, na ncha yake ni ya rangi ya ganda la karanga. Ikiwa nyeusi na kavu, yenye masizi ya unga, injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo. Mara nyingi kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi la salfa, au choki imeachwa imefungwa. Ikiwa imelowa petroli tu, umevuta kamba mara nyingi mno bila injini kuwaka. Ikaushe. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au ina malengelenge, usiiwashe mashine tena. Injini inapata joto kupita kiasi, na huenda oili ni kidogo mno.

Plagi ya mzee ilikuwa nyeusi, imelowa, inateleza kwa oili. Bibi ndiye aliyesema kwanza, "Hii imenyweshwa mafuta."

Kweli. Bloa nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu. Mzee alikuwa akimimina oili kwa kukadiria, na kila alipoona mashine inachoka aliongeza, akidhani anaipa nguvu. Kitabu cha mashine yake kinasema sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Tulipiga hesabu ubaoni. Lita 5 ni mililita 5,000. Gawanya kwa 25. Oili ni mililita 200. Yeye alikuwa akitia karibu nusu lita!

Lakini tahadhari. Mtu akisikia kwamba oili nyingi ni mbaya, asije akaiacha kabisa. Katika injini hizi oili iliyomo ndani ya petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni. Bila oili, pistoni hushikana na silinda, na hapo mashine imekufa kweli. Oili nyingi huharibu plagi, nayo hununuliwa kwa bei ndogo. Soma kitabu cha mashine yako mwenyewe, kwa kuwa vipimo hutofautiana.

Kuisafisha au kuibadili

Sugua masizi kwa mswaki mkuukuu na petroli kidogo, kisha ikaushe. Wako watu wanaoitupa plagi ndani ya makaa ili masizi yaungue. Mimi sikubaliani nao. Kaure hupasuka ufa mwembamba usioonekana, na umeme hupitia humo.

Pima nafasi kati ya ncha na ulimi. Kwa bloa nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kama huna kipimo, tumia mgongo wa bapa la msumeno wa chuma, ambao mafundi huuita hekso. Upande usio na meno una unene wa karibu kiasi hicho. Gonga ulimi polepole mpaka bapa lipite kwa kugusa tu.

Ikiwa kaure imepasuka au ncha imelika, nunua mpya. Hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Juu ya kaure au chuma pameandikwa herufi na namba, kwa mfano BPMR7A. Zinakili zote katika daftari, usiache hata moja, uende nazo dukani. Muuza duka asikupe plagi ya pikipiki kwa kusema zote ni plagi. Plagi nyingi za pikipiki ni nyembamba kuliko ya bloa, na nyuzi zake ni ndefu. Plagi ndefu ikilazimishwa inaweza kugongwa na pistoni.

Kuirudisha, anza kwa vidole. Ikikataa, itoe uanze tena, kwani kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi. Ikifika mwisho kwa vidole, plagi mpya yenye pete ikaze kwa spana nusu mzunguko. Ya zamani ikaze kidogo tu. Usioneshe nguvu zako hapo.

Kama plagi mpya nayo haitoi cheche, tatizo liko kwenye waya, swichi au koili. Hiyo ni kazi ya fundi.

Plagi ya mzee haikuwa imepasuka. Tuliisafisha, tukamwaga mchanganyiko wa zamani, tukapima mpya, tukakung'uta kichujio. Alivuta kamba mara nne. Mara ya tano bloa ilinguruma, ikatoa moshi mwingi, watoto wa shule wakaja kuchungulia madirishani. Mbuzi hakuuzwa. Kesho yake mzee hakufika darasani, wala sikumwuliza sababu. Alfajiri nilikuwa nimeisikia mashine yake ikilia upande wa mikorosho.