Dinosaria, panya na maduara ya Segese: mbona hatuoni mifupa?

Juzi hapa Segese ulizuka ubishi mkali kweli. Jamaa mmoja mchimbaji alisema habari za dinosaria ni sinema tu za Wazungu, maana yeye ameshuka kwenye maduara miaka kibao na hajakutana na mfupa hata mmoja. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu. Mimi nikaona hoja yake si ya kipuuzi, ikabidi nikasome. Leo naleta jibu.

Kwanza, jamaa anatafuta mfupa mahali usipoweza kuwepo. Miamba ya dhahabu ya huku kwetu, Bulyanhulu mpaka Geita, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Enzi hizo hakukuwa na mnyama yeyote mwenye mifupa, vilikuwepo vijidudu tu visivyoonekana kwa macho. Dinosaria walikuja kama miaka milioni 230 iliyopita. Yaani mwamba unaopelekwa karasha ulikuwa mzee sana kabla hata dinosaria wa kwanza hajazaliwa!

Mifupa yenyewe iko kusini, kilima cha Tendaguru mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Mjerumani, Watanganyika wakiwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani walichimba pale tani kama 250 za mifupa na mawe yake, wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea, hata mimi nilikuwa hivyo. Tunadhani dinosaria walikufa kwanza, halafu ndiyo mamalia (wanyama wanaonyonyesha) wakaanza. Si kweli. Pale pale Tendaguru yalipatikana pia mataya na meno ya vinyama vidogo vya jamii ya mamalia. Kimojawapo kilipewa jina Brancatherulum mwaka 1927. Fikiria kitu cha saizi ya panya kikipita miguuni pa mnyama mrefu kama ghorofa. Waliishi pamoja na dinosaria kwa zaidi ya miaka milioni 100, na muda wote huo karibu wote walibaki wadogo.

Halafu, miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa lenye upana wa kilomita 10 au zaidi lilianguka kutoka angani sehemu ambayo leo ni Mexico. Moto, vumbi, jua likazibwa, mimea ikafa. Mwenye mwili mkubwa anahitaji chakula kingi, akafa njaa. Mamalia wengi nao walikufa, tusidanganyane. Waliopona zaidi ni wadogo, walioweza kujificha mashimoni na kula chochote: mbegu, wadudu, mizizi. Na dinosaria hawakuisha wote, tawi moja lilibaki nalo ni ndege. Kuku wako wa kienyeji ni ndugu yao!

Sisi Wasukuma tunaijua hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja aliyejificha kwenye pumba, akamzaa Masala Kulangwa. Mimi naona ni hivyo hivyo: aliyejificha ndiye aliyeleta uzao mpya. Tofauti ni kwamba mamalia hawakumuua zimwi. Zimwi liliuawa na jiwe, wao wakarithi uwanja.

Na uwanja ulivyojaa tunauona hapa hapa nchini. Mahenge ya Singida (siyo ile ya Morogoro) kulikuwa na ziwa kwenye shimo la volkano, volkano ya aina ile ile iliyoleta almasi za Mwadui. Kwenye tope la ziwa hilo alipatikana popo wa miaka kama milioni 46, akatangazwa 2003 kwa jina Tanzanycteris. Bonde la Rukwa likatoa nyani wa jamii ya masokwe wa miaka milioni 25, Rukwapithecus, aliyetangazwa 2013. Halafu Laetoli, karibu na Ngorongoro, ziko nyayo za viumbe wa ukoo wetu waliotembea kwa miguu miwili miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Toka panya mpaka mtu, na kurasa nyingi ziko kwenye udongo wetu.

Kwa hiyo wachimbaji, dhahabu haina mifupa, lakini kisima, korongo au machimbo ya mchanga vinaweza kuwa nayo. Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lenye alama ya samaki au jani, usilivunje wala usiliuze. Liache palepale, weka alama, katoe taarifa kwa serikali ya kijiji. Mabaki hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukilisaga kwenye karasha utapata vumbi tu, na ukurasa wetu mmoja utakuwa umepotea moja kwa moja.

Haya wadau, nawaachia uwanja: mifupa ya Tendaguru ibaki Berlin au irudi nyumbani? Na yule jamaa yangu wa maduara, najua unasoma, karibu ujibu. Tuko pamoja!